Namba Zipitie Kwangu

Wote walijipa tano. Fomu ilikuwa na maswali ishirini, kila swali lina alama kuanzia moja hadi tano, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuandika nne. Je, wenzako hukupa habari unazohitaji ili ufanye kazi yako? Tano. Je, mkikosana mnasuluhisha mapema? Tano. Ghala ambalo juzijuzi tu lilimwozeshea mtu magunia sitini ya mahindi, ukisoma fomu za wafanyakazi wake, ni ghala la malaika.

"Madam Sellah," Jepkoech aliniambia, akizipangapanga zile karatasi mezani pangu, "kama timu yako iko sawa namna hii, mimi nimekuja kufanya nini?"

Nilitamani kumjibu kwamba hilo ndilo swali langu pia. Jepkoech alitumwa na muungano wa vyama vya ushirika, kutoka Eldoret, kuja kutupima kwa siku mbili jinsi tunavyofanya kazi pamoja. Alikuja na begi la karatasi kubwa, gundi na kalamu za rangi, kama mtu anayekwenda kufundisha chekechea. Na kamati ya chama chetu hapa Lumakanda ilikuwa imesema wazi: ripoti yake ikitoka, ndipo wataamua kama Tyson, kijana wetu wa mashine ya kukausha, abaki au aende nyumbani. Barua ya kumlaumu Tyson niliiandika mimi. Mimi ndiye msimamizi.

Fomu zilikuwa za siri, lakini siri gani katika ghala la watu wanne, ukiacha vibarua wa kupakia? Mwandiko wa Wangila, mkuu wa wapakizi, umelala chali. Wa Tyson ni herufi kubwa tupu. Na wa Mama Khalayi naujua kuliko wangu, maana kwa miaka tisa nimekuwa nikisoma namba zake kila siku. Swali la kumi na moja liliuliza: je, msimamizi wako hufikisha ujumbe unaompa? Khalayi alikuwa ameandika tano, safi, bila kufuta. Ile tano nikaiangalia kwa muda mrefu kuliko zote.

Kazi yetu si ngumu. Mkulima akileta mahindi, Mama Khalayi anayapokea langoni, anachoma kila gunia kwa bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha, anatoa punje, anaziweka kwenye kipimo cha unyevu. Kikisoma kumi na tatu na nusu kwenda chini, mahindi ni makavu, yaende stoo. Ikizidi hapo, yaende kwa Tyson kwenye mashine. Basi. Zamani Khalayi alikuwa akisimama langoni na kupiga kelele, "Tyson! Kumi na nane!" na Tyson anaitikia kutoka upande wa pili wa uwanja, na hata jirani zetu wenye kinu cha posho mil walijua unyevu wa mahindi ya kila mtu.

Halafu Tyson akaenda akampenda Gentrix.

Wasichana wamejaa Lugari hii yote, kuanzia Turbo hadi Matete. Yeye akamwona binti wa Khalayi. Aprili, tumbo la Gentrix limeshaanza kuonekana, wazee wa pande mbili wakakaa, wakala ingokho, kuku wa heshima, wakakubaliana, na Jumatatu iliyofuata nilikuja kazini nikakuta mpokezi wangu wa lango na fundi wangu wa mashine ni mtu na mkwewe. Sasa kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mwa watu. Jina ndiyo usiseme. Tyson alianza kuzunguka nyuma ya vyoo ili asipite langoni. Khalayi naye, Tyson akitokea, anajifunika leso na kugeukia ukuta, kipimo kiko mkononi, mkulima anangoja.

Nilikasirika, sitaficha. Si kwa sababu ya desturi, hiyo naiheshimu, nami nina mkwe wangu kule Shianda ambaye sijawahi kumwona sura vizuri. Nilikasirika kwa sababu hakuna aliyeniuliza, nami ndiye niliyebaki na kazi ya kuwaendesha. Khalayi alikuja na wazo lake: tuweke ubao mweusi ukutani, katikati ya uwanja, yeye aandike namba aondoke, halafu "yule wa mashine" aje asome. Nikamwuliza kama sasa wataanza kuandikiana barua kama wachumba. Wangila alicheka mpaka akakaa chini. Khalayi hakucheka. Nikasema ubao wa nini na mimi nipo?

Kwa wiki mbili hivi namba zilipitia kwa wapakizi. Siku moja mpakizi mmoja akabeba kumi na saba akafikisha kumi na tatu, na hapo nikachoka. Nikaandika tangazo, nikaligonga muhuri wa chama, nikalibandika langoni: NAMBA ZISIPITIE KWA MPAKIZI. NAMBA ZOTE ZIPITIE KWANGU. Nikamwambia Tyson tusipotezeane muda, nitakuwa nikimletea habari ya mahindi mabichi tu. Yale ambayo sijamwambia kitu, ajue ni makavu, aruhusu yaingie stoo.

Na ilifanya kazi! Miezi saba mizima ilifanya kazi. Nilikuwa nikitembea kutoka lango hadi mashine, mashine hadi lango, soli za viatu zimekwisha, na moyoni najiambia kwamba bila mimi hawa watu wangekula ukungu.

Ijumaa ile ya Novemba sikuwepo. Shangazi yangu alikuwa akizikwa Shianda, na simu niliizima kwa heshima ya ibada. Siku hiyo Onesmus, mkulima wa hapa juu kidogo, akaleta magunia sitini. Saa kumi Khalayi akafunga kipimo chake akaenda nyumbani, na saa kumi na nusu mvua ikashuka. Wangila alikuwa na lori Kipkarren. Tyson akaona magunia sitini uwanjani, mvua inanyesha, na hakuna aliyemwambia kwamba ni mabichi. Akaita wapakizi wakayaingiza stoo upesiupesi. Baada ya wiki mbili harufu ikatufikia ofisini. Tulipofungua, mahindi ya ndani yalikuwa yameota manyoya ya kijani. Onesmus alikuja akasimama mlangoni pa stoo na kofia mkononi. Hakutukana mtu, na ingekuwa heri angetukana.

Kamati ikataka maelezo kwa maandishi. Nikaandika: Bwana Tyson aliingiza mahindi stoo bila kupata namba ya unyevu. Kila neno pale ni kweli. Unaweza kuliapia mahakamani.

Siku mbili baada ya barua kuondoka, nilikuwa nikipangusa meza. Nikainua daftari la wageni, na kikaratasi kikaanguka kutoka katikati ya kurasa. Mwandiko wa Khalayi. Sikukichana. Mtu mbaya angekichana. Mimi nilikiweka kwenye droo, chini ya stakabadhi za zamani, nikafunga kwa ufunguo, na kila siku nilikuwa nikijiambia kesho nitakitoa. Nilijiambia pia kwamba Khalayi mwenyewe hajasema kitu, kwa hiyo pengine hakumbuki.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa wakati Jepkoech anawasili na gundi yake.

Siku ya kwanza mchana alitutoa uwanjani, akasema tusimame duara tushikane mikono, kila mtu amtazame mwenzake machoni na kumwambia kitu kimoja anachokipenda kwake. Nikajaribu kumkonyeza. Hakuona. Akamshika Mama Khalayi bega, akamsogeza taratibu hadi karibu na Tyson. Khalayi akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akachukua kikapu chake, akaondoka. Tyson alikuwa tayari amefika nyuma ya vyoo. Tukabaki duarani mimi, Wangila na Jepkoech, tumeshikana mikono.

"Mimi nampenda madam kwa kutembea," Wangila akasema.

Jepkoech alikuwa akiandika. Nikachungulia daftari lake: mgogoro mkali kati ya mpokezi na fundi. Damu ikanipanda.

"Huo si mgogoro," nikamwambia. "Ni mkwe wake. Ile ni heshima."

"Heshima ya kukimbiana?"

"Kwenu mama mkwe mnamrukia shingoni?"

Aliona haya, akafuta. Nikamhurumia kidogo, maana hata kwao Nandi wana desturi zao, ila hakuna aliyemwambia kwamba hapa kuna wakwe. Na ni kweli, katika maswali yake ishirini hakuna lililouliza nani amemwoa binti wa nani.

Siku ya pili alikuja amebadilika. Hakutaka tena duara. Alituweka ofisini, Mama Khalayi kwenye benchi, Wangila kwenye gunia, mimi kwenye kiti changu. Tyson alisimama nje ya dirisha, ameegemea ukuta, mahali ambapo anasikia bila kuonekana. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya mikutano tangu Aprili. Jepkoech alibandika karatasi kubwa ukutani, akachora duara nne, kila duara na jina. Akasema kila mmoja wetu achore mstari kutoka kwake hadi kwa mtu anayempa habari za kazi. Tyson akaeleza kwa mdomo kutoka nje ya dirisha na Wangila akamchorea.

Mistari yote ikaja kwangu. Kutoka kwa Khalayi, kwangu. Kutoka kwa Tyson, kwangu. Wangila, kwangu. Duara langu lilikuwa limezungukwa na wino mpaka jina halisomeki, na nitasema ukweli, nilifurahi. Nikasema moyoni, haya, sasa kamati ione ni nani anayebeba ghala hili.

Jepkoech akasogea ukutani, akaweka kiganja chake juu ya duara langu, akalifunika lote.

"Sasa tusome tena," akasema. "Nani anaongea na nani?"

Hakuna mtu. Zilibaki duara tatu, kila moja na kamstari kake kanakoishia chini ya mkono wa mgeni. Jepkoech akanigeukia.

"Hiyo Ijumaa, madam, ulikuwa wapi?"

"Mazishini."

"Nani alishika nafasi yako?"

Nikaanza kumweleza kuhusu tangazo, na wapakizi, na kumi na saba iliyogeuka kumi na tatu. Nilieleza kwa kirefu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kukasirika, na sikujua nimemkasirikia nani, maana yule msichana alikuwa ananisikiliza kwa adabu kabisa. Nilipomaliza, kiganja chake kilikuwa bado ukutani.

Kisha akamgeukia Khalayi. "Mama, siku hiyo ulipima ya Onesmus?"

"Nilipima."

"Namba ulimpa nani?"

Khalayi aliangalia mikono yake. Ni mama wa miaka hamsini na tano, ana mabega ya mtu aliyelima, na tangu nimfahamu sijamsikia akimsema mtu. Kazi ya lango nilimpatia mimi, mwaka ule mumewe alipofariki. Hilo nalo lilikuwa pale chumbani, limekaa naye kwenye benchi.

"Mimi nilifuata ile tangazo ya geti," akasema. "Hiyo ingine muulize madam."

Hapo ndipo nilipojua kwamba anakumbuka. Alikuwa anakumbuka tangu siku ya kwanza. Alikumbuka hata alipokuwa akiniandikia tano, namba kumi na moja, bila kufuta.

Ningeweza kusema sijui anachozungumzia. Jepkoech angekwenda zake saa nane, ripoti ingesema mawasiliano yaboreshwe, kamati ingemfukuza Tyson, nasi tungepata fundi mwingine ambaye si mkwe wa mtu. Nilifikiri yote haya, sitajisingizia utakatifu. Nilifikiria hata kiti changu. Halafu nikasikia Tyson akikwaruza ukuta kwa kiatu huko nje, kama anavyofanya akiwa na wasiwasi, na mkono wangu ukaenda kwenye ufunguo.

Stakabadhi zilikuwa nyingi. Nilizitoa zote, nikaziweka mezani, wote wananitazama. Kikaratasi kilikuwa chini kabisa mahali nilipokiweka. Nikasimama karibu na dirisha nikasoma kwa sauti.

"Madam, ya Onesmus ni 22. Gunia 60. Nimepiga simu yako mara mbili imezimwa. Usisahau kuambia yule wa mashine mbio, mvua inakuja. Khalayi."

Kiatu cha Tyson kiliacha kukwaruza.

"Soma tena," akasema kutoka nje.

Nikasoma tena. Nilipofika kwenye "yule wa mashine", Mama Khalayi alijifunika uso kwa leso, ingawa dirishani hakukuwa na mtu wa kumwona.

"Kwa hivyo alinitumia," Tyson akasema. Alikuwa anaongea na ukuta, si na sisi. "Alinitumianga namba kweli. Gentrix aliniambia, nikamwambia unatetea mamako tu. Nikamwambia mamako alininyamazia makusudi, hanitakangi. Madam, hata mtoto nimekataza asiletwe kwa nyanya yake. Tangu hiyo Novemba."

Sikulijua hilo. Nilijua magunia sitini, nilijua kamati, nilijua ripoti. Mtoto wa Gentrix sikuwa nimemhesabu popote. Nilimtazama Khalayi, naye akajifuta macho kwa ncha ya leso. Ilikuwa Januari. Tangu Novemba mama huyu alikuwa akija kazini kila asubuhi, akinipa namba zake, akinisalimia vizuri, na mjukuu wake yuko kilomita mbili kutoka kwake hajamshika. Neno moja lake lingetosha, na neno hilo lilinihusu mimi, kwa hiyo hakulisema.

"Madam alikuwa na hiyo karatasi tangu lini?" Jepkoech aliuliza polepole.

"Novemba," nikasema.

Aliandika. Safari hii sikuchungulia.

Jioni ile niliandika barua ya pili kwa kamati. Ilinichukua muda kuliko ya kwanza kwa sababu kila nikianza sentensi ilikuwa inaanza na Tyson, au mvua, au desturi, na nilikuwa nikikata naanza upya mpaka ilipoanza na mimi. Kamati ikamwacha Tyson kazini. Mimi nikaachwa pia, lakini nilipewa barua yangu ya onyo, na katibu alikuwa amenakili maneno yangu ya zamani karibu yote, akabadilisha jina tu.

Ubao mweusi Wangila aliupigilia ukutani siku iliyofuata. Tangazo la lango nilibandua mwenyewe. Kipande chenye muhuri kilikataa kutoka, kikabaki ukutani. Sasa Khalayi anapima, anatembea hadi katikati ya uwanja, anaandika, anarudi. Tyson anangoja mpaka leso ipotee langoni, anakuja, anasoma, anatia alama ya chaki kuonyesha ameona. Na mahindi ambayo hayana namba hayaendi popote, hata mvua inyeshe mawe. Yanafunikwa kwa turubai. Hawajatazamana hata leo. Hakuna sababu ya kutazamana. Mtoto huletwa langoni Jumamosi na Gentrix, na Khalayi humshika huku akichoma magunia kwa mkono mwingine. Hilo si salama na nimemwambia, naye hanisikii.

Onesmus alirudi mwisho wa Januari na mahindi yake yaliyobaki, si mengi, yamekuja kwa mkokoteni wa punda. Alisimama mbele ya ubao akasoma namba yake mwenyewe, akaisoma tena kwa kidole. Kisha akanigeukia, mimi nimesimama mlangoni pa ofisi na kalamu mkononi.

"Sasa madam," akaniuliza, bila ubaya wowote, "wewe hapa unafanyanga nini?"

Wangila alicheka. Nikamwambia Onesmus aingize punda ndani kabla hajazuia lango.

Machi Jepkoech alituma fomu zilezile, maswali yaleyale ishirini. Nilizikusanya ndani ya bahasha na nilipaswa kuifunga bila kuangalia. Niliangalia. Tano zilikuwa zimepungua sana. Kulikuwa na tatu, kulikuwa na nne, na mahali fulani Wangila alikuwa ameandika moja na kuichorea mdomo wa kununa. Nikaenda moja kwa moja kwenye swali la kumi na moja, katika fomu ya Mama Khalayi. Je, msimamizi wako hufikisha ujumbe unaompa?

Alikuwa ameandika mbili, ile mbili yake yenye mkia mrefu, kama zile zilizokuwa kwenye kikaratasi.

Iliniuma. Iliniuma vibaya, na nilikaa nayo pale mezani mpaka saa kumi, alipopita na kikapu chake na kuniambia, kama kila siku, "Tuonane kesho, madam." Nikamwambia asante, akaniuliza asante ya nini, nikamwambia aende nyumbani kabla mvua haijamkuta.